Nyumba ya mawe ya bibi: rudisha hiyo saruji dukani

Dada mmoja wa Mikindani ameuliza kwa ujumbe: nyumba ya mawe aliyoachiwa na bibi yake inamomonyoka, je, apige lipu ya saruji? Fundi ameshaleta mifuko. Dada yangu, irudishe leo.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini kisha hukaukia usoni. Saruji inauziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na hatimaye lipu inabanduka pamoja na jiwe lenyewe.

Anza na paa, maana ukuta unaonyeshewa hautengenezeki. Kagua ncha za boriti zilizoingia ukutani, huko ndiko zinakooza. Choma kwa bisibisi, ikizama, badilisha. Ila boriti za jadi ni za mikoko, na mikoko haikatwi bila kibali.

Lipu yenyewe iwe ya chokaa. Chokaa isiyozimwa, yaani iliyochomwa ila haijatiwa maji, itie kwenye maji kidogo kidogo, usimwage maji juu yake: inachemka, inaruka na inaweza kupofusha. Iache chini ya maji wiki tatu au zaidi. Miezi mitatu ni bora. Chekecha, kisha changanya ndoo 1 ya chokaa na 3 za mchanga wa mtoni uliooshwa. Wa ufukweni una chumvi, hata ukionekana msafi. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita 1. Likiwa nene linapasuka.

Pesa je? Mwaka 1853, Ann Pamela Cunningham wa South Carolina, mwanamke mgonjwa wa miaka mingi, alipata barua ya mama yake kwamba Mount Vernon, nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, inaoza. Paa la baraza lilishikiliwa na milingoti ya meli. Aliwaandikia wanawake wenzake, akateua mwakilishi katika kila jimbo lililojiunga, na mwaka 1858 wakafunga mkataba wa kuinunua kwa dola 200,000. Alipostaafu mwaka 1874 aliwasihi wasiibadilishe.

Nyumba za urithi huku kwetu zinakufa kwa ndugu kusubiriana, na hilo linauma. Teueni mmoja kwa kila tawi la ukoo, achangishe tawi lake, na kwanza mkubaliane kwa maandishi kwamba mlango wa nakshi hauuzwi.

Pigeni lipu kati ya Juni na Septemba. Wakati huo upepo wa kusi unakausha haraka mno, kwa hiyo tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa wiki nzima.