Nyumba Mpya Mlimani: Tutaijuaje Kazi ya Mjenzi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba ya vyumba vitatu katika mradi mpya ulioko kwenye mteremko, upande wa Ilemela. Nyumba tuliyoonyeshwa inapendeza kwa marumaru, dari ya jipsamu na rangi safi. Hata hivyo, jirani yetu alinunua kwa kampuni nyingine, na kuta zikapasuka kabla ya mwaka kwisha. Sisi si mafundi. Tutajuaje kama nyumba imejengwa vizuri?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu msomaji, marumaru na rangi huwekwa mwisho na hufunika mengine yote, kwa hiyo anzeni na ardhi. Viwanja vingi vya milimani hapa Mwanza vina mwamba upande wa juu, na upande wa chini husawazishwa kwa kifusi. Nyumba ikikaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya kifusi kisichoshindiliwa vizuri, nusu hiyo ya pili hushuka polepole huku ya kwanza ikibaki palepale, na ndipo nyufa za mshazari zinapoanzia kwenye pembe za milango na madirisha. Huenda hayo ndiyo yaliyomkuta jirani yenu. Ombeni michoro ya mhandisi, muulize msingi wa upande wa chini ulichimbwa hadi wapi. Ukuta unaozuia udongo nyuma ya nyumba nao uwe na matundu ya kutolea maji, la sivyo maji yanayonaswa nyuma yake yatausukuma hadi utoke tumbo.

Kama katika mradi huo ipo nyumba ambayo haijapigwa lipu, basi hiyo ndiyo ya kuitazama. Kwaruzeni tofali kwa msumari. Likimomonyoka kama mchanga, saruji ilipunjwa. Nguzo zenye mashimo, au nondo zinazochungulia nje ya zege, ni kazi mbaya hata kama msimamizi atawaambia kwamba lipu itaficha. Angalieni pia kama zege jipya linamwagiliwa, kwa maana linahitaji unyevu kwa siku 7 angalau.

Kisha nendeni, bila kusindikizwa na mwuzaji, kwenye nyumba ambazo kampuni hiyo iliziuza miaka miwili au mitatu iliyopita. Kuta zinazotoa chumvi na kubambuka rangi karibu na sakafu huonyesha kuwa unyevu unapanda kutoka ardhini.

Kibali cha ujenzi mtakihakiki manispaa, na mkandarasi kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mkataba utaje kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi anawajibika kurekebisha kasoro zitakazojitokeza, na sehemu ya bei ibaki mikononi mwenu hadi kiishe.

Mkiweza kusubiri, msimalize malipo wakati wa kiangazi. Rudini Novemba, mvua ikiwa inanyesha, mpande darini na tochi, kisha mtoke nje mtazame maji ya mlimani yanapita wapi.