Kufichua kwa Kiingereza: tazama kwanza kifuniko

Aliyeuliza anataka kujua kama vitenzi "reveal", "disclose", "expose" na "uncover", ambavyo kamusi huweza kuvieleza vyote kwa neno moja la "fichua", vinaweza kupokezana nafasi katika sentensi. Ametoa mfano wake mwenyewe, "The journalist disclosed the fraud", akikusudia mwandishi wa habari aliyechunguza wizi na kuutangaza. Nitaurudia mfano huo mwishoni, kwa sababu kosa lililomo nililifanya mimi pia, ila upande wa pili. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri, nilipewa taarifa ya kampuni iliyosema imeweka wazi mapato yake ya mwaka, nami nikaandika "exposed its earnings". Mhariri aliirudisha akiuliza ni kashfa gani iliyokuwa imefichwa katika mapato hayo. Haikuwapo kashfa yoyote, na kitenzi kilichotakiwa kilikuwa "disclosed".

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua kitenzi hujiuliza: kitu hiki kilikuwa kimefunikwa kwa nini, ni nani aliyekifunika, na je, mwenyewe atafurahi kikionekana? Sisi wasemaji wa Kiswahili hatupaswi kuona ugumu hapa, kwa maana lugha yetu hufanya kazi hiyohiyo kwa kiishio: ficha na fichua, fukia na fukua, fumba na fumbua. Kiingereza hutanguliza kiambishi mbele ya jina la kifuniko au tendo la kufunika, na kifuniko hicho bado kinaonekana ndani ya neno. "Unearth" ni kuondoa udongo, kwa hiyo hufaa mifupa, na pia nyaraka zilizosahauliwa rafuni, lakini sharti pawepo jasho la kutafuta. "Unveil" ni kuondoa utaji. Sanamu mpya, mpango au bidhaa huwa imefunikwa na mwenyewe, naye ndiye anayepanga siku ya kuifunua mbele ya watu. Ndiyo maana mara nyingi tafsiri yake nzuri ni "zindua", na ndiyo maana mpelelezi hawezi ku-"unveil" rushwa.

"Reveal" nalo lina utaji ndani yake, kwani limetokana na neno la Kilatini "velum", yaani kitambaa cha kufunika au pazia. Ni picha ileile ya "funua", na kitabu cha mwisho cha Biblia kinaitwa Ufunuo kwetu na "Revelation" kwao. Kati ya vitenzi vyote hivi, hiki ndicho chenye nafasi pana kuliko vingine: mtu, utafiti, hata tabasamu linaweza ku-"reveal" jambo, na hakuna lawama inayodokezwa. Anayesitasita akitumie hiki.

"Disclose" ni kinyume cha kufunga. Kinachofunguliwa ni habari, na anayefungua ni yule aliyekuwa akiishika, mara nyingi kwa sababu sheria au wajibu unamtaka aitoe. Kwa hiyo utakikuta katika mikataba, hesabu za kampuni na mahakama. Katika kesi za madai za Uingereza na Wales, hatua ya pande mbili kuonyeshana nyaraka iliitwa "discovery" hadi kanuni mpya za mwaka 1999 zilipoiita "disclosure". Marekani bado wanatumia jina la zamani. Jina hilo huwatatiza wanaofikiri "discover" ni kugundua tu, lakini maana yake ya kale ilikuwa kufunua. Katika tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice, Portia anaagiza mapazia yavutwe ili "discover" visanduku, yaani vionekane, ingawa yeye anajua fika vilipo.

"Divulge" hubeba ndani yake neno la Kilatini la umma, "vulgus". Huhusu siri, na hutokea sana katika kukanusha: mtu amekataa ku-"divulge" jina la aliyempa habari.

"Expose" ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Asili yake ni kuweka nje, na neno letu lililo karibu nacho ni "anika". Kilichoanikwa hupigwa na jua na upepo, na ndivyo ilivyo kwa filamu ya kamera inayopata mwanga na mwili unaokutana na ugonjwa. Anayeanikwa akiwa mtu au uovu wake, huwa ni kuumbuliwa. Mapato halali hayaumbuliwi, na hapo ndipo nilipoteleza.

Kuna kosa jingine linalotoka moja kwa moja katika kauli yetu ya kutendea. Tukisema "alinifichulia siri", kitenzi kimempokea mtu na siri pamoja, hivyo tunaandika "He revealed me the secret". Kiingereza hakikubali, ni lazima iwe "revealed the secret to me", na kanuni hiyo inagusa pia "disclose" na "divulge". Vilevile unaweza kusema "revealed that" au "disclosed that" ukaendelea na sentensi, lakini "expose" na "uncover" huhitaji nomino baada yake, kwa mfano "uncovered evidence that".

Sasa mfano wa muulizaji. "Disclosed" inamfanya mwandishi yule aonekane kama mtu aliyekuwa na habari za wizi mkononi mwake na hatimaye akazitoa, ilhali yeye alikuwa akizitafuta kwa wengine. Alipokuwa akipekua hati hadi akaupata ukweli, "he uncovered the fraud". Alipouchapisha na wahusika wakaumbuka, "he exposed it". Mhasibu wa ndani, aliyejua tangu mwanzo na akaamua kwenda kueleza, ndiye anayestahili "disclosed".