Kupiga picha Pemba wakati wa masika: panga maji kwanza

Ukisema unakwenda Pemba kupiga picha mwezi wa nne au wa tano, kila mtu atakuuliza habari ya mvua. Ni swali la haki, ila si la kwanza. Mvua ya masika huja kwa vipindi, na ikikatika huacha hewa safi na mawingu yenye umbo ambayo Januari huyapati. Kitakachoamua kama utarudi na picha ni maji: yamejaa au yamekupwa kiasi gani jua linapochomoza na linapozama. Wageni wengi hutazama tarehe za likizo, wakalipia chumba, kisha wakafika ufukweni na kukuta bahari iko mahali wasipoitaka kwa siku zote walizonazo.

Anza na mwezi wa kiislamu, hiyo kalenda ambayo wavuvi wenyewe wanaihesabu. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa kupita siku nyingine, hushika karibu na mwezi mosi na mwezi 15 (tarehe 1 na 15 za kalenda hiyo), na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku ipitayo saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Jua la masika huko huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini, kwa hiyo siku za bamvua macheo na machweo yote hukuta maji yameanza kutoka: mchanga umeoshwa, hauna nyayo, na mawe yanatokeza moja moja yakiwa yamelowa. Kwa mandhari ya pwani hakuna hali nzuri kuliko hiyo.

Ukitaka bahari iliyojaa inayopiga majabali wakati wa machweo, lenga mwezi 3 au 18. Ukitaka maji yamekupwa jua likizama, uone miamba mpaka chini, lenga mwezi 10 au 25, ila kumbuka kuwa hapo umetoka kwenye maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, kwa hiyo bahari haiendi mbali. Mpango tunaoupendekeza kwa mgeni ni kufika mwezi 13 au 28 na kukaa usiku sita. Unapata bamvua yote, halafu siku za mwisho unapata maji ya jioni yaliyojaa. Thibitisha kwa jedwali la maji la mwaka huo kabla ya kulipia chochote, maana mwandamo huweza kupishana kwa siku moja.

Sasa kuhusu kasi ya maji, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopata ajali. Bamvua kubwa huweza kupanda na kushuka karibu mita 4, na mwendo huo hausambai sawasawa. Gawa kimo hicho mafungu 12: saa ya kwanza tangu maji yageuke huenda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake saa ya tatu na ya nne maji hupanda kama mita moja kwa kila saa. Mtu aliyeingia kwenye kighuba kidogo chini ya jabali maji yakiwa yametulia, akazama kwenye kutafuta fremu, hugeuka nyuma na kukuta njia aliyopitia imefunikwa. Kabla ya kufungua begi, tazama alama ya maji kwenye mwamba, ule mstari mweusi wenye chaza, ujue yatafika wapi. Kingine: miamba ya matumbawe huliwa na mawimbi kwa chini, ukingo ukabaki unaning'inia. Usisimame kwenye mdomo wake. Na usivae kandambili, mawe hayo yanakata kama wembe; vaa viatu vyenye soli ngumu ambavyo huvionei uchungu kulowa.

Mahali pa kuanzia ni rasi ya Kigomasha, kaskazini kabisa. Ni nyembamba, kwa hiyo unapata ufuo wa Vumawimbi upande wa mashariki kwa macheo na pwani ya magharibi kwa machweo bila kusafiri mbali. Magharibi pia ndiko kwenye kinga, kwani upepo wa kusi huanza kushika nguvu masika na hupiga zaidi kusini na mashariki. Tatizo ni malazi: hoteli nyingi za ufukweni hufunga Aprili na Mei. Piga simu, usiamini tovuti inayokubali malipo. Ukikosa, lala Wete au Chake Chake na ukodi gari kwa siku nzima, pamoja na dereva. Daladala hazitakusaidia, maana hupungua sana kabla ya machweo. Kutoka Chake weka saa moja na nusu, na zaidi kama kuna tope. Njia inapita msitu wa Ngezi. Ongea na walinzi wa msitu siku moja kabla, uwaeleze kwamba utapita alfajiri, na ulipe kiingilio unapoingia kupiga picha ndani. Mle ndani mvua si adui. Majani yakilowa huwa na mng'ao mweupe, na kichujio cha polaraizi huuondoa na kurudisha kijani chake.

Saa nne asubuhi ya bamvua usiende kulala. Pwani ya mashariki kina mama wako kwenye mwani na wengine wanachokoa pweza, kwenye maji ya kifundo cha mguu. Funika kamera, toa salamu, zungumza kwanza, kisha uombe ruhusa. Akikataa, mshukuru na usiipige picha hiyo kwa lenzi ndefu ukiwa mbali. Valia nguo za heshima muda wote, ufukweni pia.

Kwenye kamera, kwa mawimbi yanayorudi weka ISO 100, tundu la lenzi f/11, na shata kati ya nusu sekunde na sekunde moja. Mwanga ukiwa bado mkali kiasi cha kukupa shata ya 1/60 ya sekunde, kichujio cha ND cha stopu 6 hukata mwanga mara 64 na kukuleta kwenye sekunde moja. Bonyeza wimbi linapoanza kurudi, si linapokuja. Likirudi huchora mistari, likija huacha ukungu mtupu. Kwenye stendi ya kamera, vuta kwanza kipande cha chini kabisa, ili kifungio chake kikae juu ya maji na mchanga. Kila usiku ioshe kwa maji baridi ya bomba.

Chumvi ikirukia lenzi, usiifute kavu, itachubua. Tumia kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya kunywa, kisha kikavu. Beba vitambaa visivyopungua vitatu. Ukungu kwenye lenzi hauletwi na mvua, unaletwa na chumba chenye kiyoyozi: zima kiyoyozi usiku, au acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa baada ya kutoka nje. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, hivyo nunua begi lisilopitisha maji na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu kabla ya safari. Droni inahitaji kibali; kama hukukiomba mapema, iache nyumbani.

Ndege ndogo za kwenda Chake mara nyingi hukupa kilo 15 tu, begi la mkononi likiwa ndani ya hesabu, kwa hiyo pima vifaa nyumbani. Meli ya Mkoani hubeba zaidi, lakini bahari ikichafuka safari huahirishwa. Acha siku moja nzima Unguja au Dar es Salaam kabla ya ndege yako kubwa, na tiketi ya meli ya kurudi ikatie kwa asubuhi.