Kabla Hujagombana na Watu wa Faiba, Itazame Hadi Diski Yako

Niliwapigia simu watu wa mtandao mara tatu usiku mmoja, na mara ya tatu sikusalimia. Kwa sisi wa Tanga, kuanza kusema bila salamu ni nusu ya tusi.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hapa Ngamiani. Mwenzangu aliyeko Dar es Salaam alikuwa amepandisha mtandaoni video za sherehe nzima, gigabaiti 48 kwenye faili moja, na mwenye harusi alitaka kazi yake Ijumaa. Nina intaneti ya faiba ya megabiti 100 kwa sekunde. Nikaanza kupakua saa tatu usiku. Kufika saa sita kompyuta inaniambia bado masaa saba.

Yule dada wa huduma kwa wateja, kwa upole nisioustahili, akauliza, "Kaka, umeshajaribu kwenye kompyuta nyingine?" Sikuwa nimejaribu. Asubuhi nikaazima laptopu ya mpwa wangu, nikachomeka waya uleule kwenye ruta ileile. Saa moja na dakika chache, faili limeshuka lote.

Na hesabu ndivyo inavyosema. Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa biti, kompyuta huonyesha baiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 100 ni megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 48 ni kama dakika 64. Wengi wanaolalamika kwamba wameibiwa kasi hawajagawanya kwa 8.

Sasa, je, hadi diski, yaani ile diski inayozunguka ndani ya kompyuta na kuhifadhi mafaili, inaweza kuzidiwa na intaneti? Ikiwa nzima na inapokea faili moja kubwa, kwa nadra sana. Hata zile za laptopu zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika huandika megabaiti 80 hadi 100 kwa sekunde, na za kompyuta ya mezani zenye mizunguko 7,200 hupita 150. Ukiwa na laini ya megabiti 1,000, ambayo ni megabaiti 125, hapo ndipo ile ya laptopu inaanza kuhema. Kwa hiyo muuza duka akikuambia ununue SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, kwa sababu umefunga faiba ya megabiti 50, mwache. SSD ni nzuri, kompyuta inawaka upesi, lakini si kwa sababu hiyo.

Kinachoiua hadi diski ni kutawanyishiwa kazi. Fikiria kuli anayeshusha machungwa ya Muheza. Mwambie amwage mzigo wote kona moja, lori litakuwa tupu mara moja. Mwambie kila chungwa alipeleke kwenye kapu lake, makapu yenyewe yako pembe zote za ghala, kutakucha. Ndani ya hadi diski kuna kichwa kinachosogea huku na huku juu ya sahani inayozunguka, na kila kusogea kunakula muda. Ukipakua kwa torenti, yaani faili linalokusanywa vipande vipande kutoka kwa watu wengi, vipande vinakuja bila mpangilio. Ukipakua gemu lenye maelfu ya mafaili madogo, ni yaleyale. Kasi inaweza kushuka chini ya megabaiti 2, na hapo hata laini ya megabiti 20 inaishinda. Ongeza antivirasi inayokagua kila kinachoingia, na wewe mwenyewe unahariri video kwenye diski hiyohiyo.

Dalili ya diski kuzidiwa ni kasi inayopanda, inaanguka hadi sifuri, halafu inapanda tena. Kompyuta hupokea data kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda, kwanza; RAM ikishiba, upakuaji unasubiri diski imalize kuandika. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame sehemu ya diski. Yangu ilikuwa imekaa asilimia 100 huku ikiandika megabaiti 2 kwa sekunde. Faili langu lilikuwa moja na kubwa, kwa hiyo kuli hakuwa na kisingizio cha makapu. Alikuwa mgonjwa.

Kabla hujafika huko, angalia pia njia. Hadi diski ya nje ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0, kwa kawaida hupati zaidi ya megabaiti 35 hadi 40. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina rangi ya bluu ndani. Na waya wa ruta wenye nyuzi nne tu ndani hauvuki megabiti 100, hata ulipie 500.

Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure, inayokagua afya ya diski, ikanipa alama ya njano: sekta mbovu, yaani vijisehemu vya diski vilivyoharibika. Diski inapokutana na sekta kama hizo hurudia na kurudia kabla ya kusonga mbele, na ndiko usiku wangu ulikoishia. Ukiona hivyo usiendelee kuipima wala kuipakulia kitu. Hamisha kwanza kazi za watu.

Nilianza kuhamisha siku hiyohiyo, nikianzia na za karibuni. Folda mbili zilikataa kabisa kutoka. Moja ilikuwa harusi ya Pangani, na ahueni yangu ni kwamba wenyewe walishachukua nakala yao. Ya pili ilikuwa ya harusi yangu mimi, na mke wangu bado sijamwambia.