Jibu: Programu inaonyesha MPa 900 kwenye braketi ya springi ya tela, itakatika?

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: umechora braketi ya kushikia springi ya tela, bamba la milimita 10, chuma laini kinachoanza kulegea (kurefuka bila kurudi) kwenye mkazo, yaani nguvu kwa eneo, wa MPa 250 (MPa 1 ni nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba). Umeweka mzigo uliotulia, programu ikakupa MPa 900 kwenye kona ya ndani inapokutana na chesisi. Ukapunguza meshi, ule wavu wa vipande vidogo (elementi) ambao programu inaigawia braketi, ikapanda hadi 1,400. Mdau hapo juu kakushauri uweke modeli ya uharibifu, inayohesabu jinsi chuma kinavyochakaa ndani hadi kukatika, ili upate "mkazo wa kweli". Mimi hesabu za chesisi na matela ndizo zinazonilisha, na kwa heshima zote, ushauri huo utakula wiki zako bure.

Hiyo 900 kwanza. Modeli uliyotumia inajua jambo moja tu kuhusu chuma: ukikivuta, kinarefuka kwa uwiano uleule bila kikomo. Habari za 250 hukuipa, nayo haiwezi kuzibuni. Gawanya 900 kwa 200,000 (ugumu wa chuma kuvutika, kwa MPa) utapata 0.0045, yaani chuma kimerefuka asilimia 0.45. Ukitumia kanuni ya Neuber ya 1961 kukadiria hali ilivyo baada ya chuma kulegea, unachukua 900 mara 900, unagawa kwa 200,000, kisha kwa 250: inakuja kama asilimia 1.6. Chuma laini kizuri hurefuka zaidi ya asilimia 20 kwenye mashine ya kuvutia kabla hakijakatika. Kwa mzigo wa mara moja, kona hiyo wala haitashtuka.

Halafu kona yenyewe umeichora kali, haina mviringo. Kwa hesabu za aina hii kona kali ya ndani haina jibu: kila ukipunguza meshi mkazo unapanda, na hautakoma. Hata 1,400 si mwisho, jaribu meshi ya nusu milimita uone. Kama pale ni bamba lililokunjwa, weka mviringo wa kweli na elementi za kutosha kuuzunguka, namba itatulia. Kama ni mshono wa weldingi, subiri kidogo, nakuja huko.

Sasa hizi modeli za uharibifu, maana nyuzi nyingi humu zinazitaja kama dawa ya kila kitu. Ukivuta kipande cha chuma laini kwenye mashine, mwanzoni kinarefuka sawasawa urefu wote. Kisha sehemu moja inaanza kubana, inafanya shingo, na hapo mzigo unashuka ingawa mashine bado inavuta. Ndani ya shingo, vichembe vya uchafu vilivyobaki kiwandani, sulfidi ya manganizi hasa, vinaachana na chuma na kuacha vitundu. Vitundu vinakua na kuungana katikati, mwisho ukingo unachanika kwa mshazari. Shika kile kipande kilichokatika: katikati ni kijivu cha kukwaruza, pembeni kuna mdomo kama wa kikombe. Modeli ya Gurson ya 1977 inahesabu vitundu hivyo. Ile ya Kachanov ya 1958 haiangalii vitundu kimoja kimoja. Inaweka namba moja inayotoka 0 hadi 1, na chuma kilichobaki kinabeba mzigo wote kwa eneo dogo zaidi.

Ni modeli nzuri, ila zinadai. Cheti cha kiwanda kinakupa mkazo uliogawanywa kwa eneo la mwanzo, wakati programu nyingi zinataka mkazo wa eneo la wakati huohuo. MPa 400 kwenye urefukaji wa asilimia 20 lazima uiandike 480, na 0.20 inakuwa 0.182 kwa logi asilia. Ubadilishaji huo unafaa mpaka shingo inapoanza tu. Baada ya hapo, chuma kikishaanza kulegea kwa uharibifu, urefukaji wote unajikusanya kwenye safu moja ya elementi. Punguza meshi, na nishati ya kukikata inapungua nayo, hadi unapata chuma kinachokatika karibu bure. Hillerborg na wenzake walilishika tatizo hili kwenye zege mwaka 1976 kwa kufunga hesabu kwenye nishati ya kufungua ufa badala ya urefukaji. Kwa hiyo ulikimbia tatizo la meshi, mdau kakurudisha kwenye tatizo jingine la meshi. Zitumie ukitaka kujua bampa itachanika vipi ikigongwa, au bamba litapasuka wapi likikandamizwa kwenye presi.

Braketi ya tela haifi hivyo. Inakufa kwa uchovu, na ufa unaanzia kwenye kidole cha weldingi, pale mshono unapoishia na bamba linapoanza. Fundi yeyote wa matela atakuonyesha. Hapo kinachoua ni tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini kila springi inapopiga, si mkazo wa juu peke yake, na chuma cha bei ghali zaidi hakikusaidii chochote kwenye mshono ambao haujasagwa. Tofauti hiyo ikiongezeka kwa robo, umri unapungua karibu nusu, kwa sababu umri unafuata kipeo cha tatu.

Soma mkazo kwenye uso wa bamba, milimita 4 na milimita 10 kutoka kidole cha weldingi (yaani 0.4 na 1.0 ya unene). Zidisha wa kwanza kwa 1.67, toa wa pili mara 0.67. Namba hiyo haichezi na meshi. Kwa mshono wa kona unaobeba mzigo, mwongozo wa IIW (Taasisi ya Kimataifa ya Weldingi) unatoa daraja 90: tofauti ya MPa 90 kwa mizunguko milioni 2. Ikiwa yako ni 180, unabaki na 250,000, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi hizo zinaisha upesi sana. Mizigo ya viwango tofauti ijumlishe kwa kanuni ya Miner: kila kiwango kinakula sehemu yake ya umri, na jumla ya sehemu hizo ikifika 1 umri umeisha. Haijali mpangilio wa mizigo, lakini kwa karakana inatosha, mradi usisubiri jumla ifike 1 ndipo ushtuke.

Tupia hapa mchoro wa mshono, unene wa koo lake (sehemu yake nyembamba kabisa), na kama umezungusha weldingi kwenye ncha ya bamba au umeikatia hapo hapo. Hilo la mwisho ndilo ninalolitilia shaka kwenye picha yako.