Muulize kwanza anachoogopa

Siku ujumbe wa sauti ulipoingia kwenye kundi letu la WhatsApp ukidai kwamba chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, inawafanya mabinti wasizae, nilijibu papo hapo. Niliandika aya tatu ndefu na kumwita aliyeutuma mzushi. Aliyeutuma alikuwa shangazi yangu. Usiku uleule akajitoa kwenye kundi, na mjukuu wake hakupelekwa kuchanjwa.

Nilipokwenda kumwomba radhi ndipo nikamuuliza: "Shangazi, hasa unaogopa nini?"

Alikaa kimya, akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Mwanangu, mimi nilihangaika miaka saba kabla ya kupata mtoto. Sitaki yamkute yule."

Aya zangu zote hazikuwa zimegusa jambo hilo. Nikamweleza taratibu kwamba HPV ni virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za shingo ya kizazi. Ndani ya chanjo hamna virusi hai, mna protini ya ganda lake tu, ili mwili uvitambue vikija. Nikamwambia pia kwamba matibabu ya saratani hiyo ndiyo mara nyingi humnyima mwanamke uzazi. Hapo akaniinulia macho. Akauliza mara mbili kama nina hakika, nami nikamwambia twende kwa muuguzi amuulize mwenyewe. Tukaenda.

Tangu hapo huwa sijibu uzushi mbele ya watu kwa kumtaja mtu. Naweka taarifa sahihi kwa ufupi, kisha namfuata mwenyewe pembeni.

Na tafadhali, usimfiche mtu maudhi ya chanjo. Jirani yangu alimchanja mwanawe surua, siku ya nane mtoto akachemka homa na kutoka vipele vichache. Akaamini mtoto ametiliwa sumu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba homa hiyo huweza kuja kati ya siku ya 7 na ya 12, kisha hupita. Angeambiwa mapema, angeitarajia. Kunyamaza kwetu ndiko kunakouandalia uvumi nafasi.

Ukikutana na lile dai kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji (autism), simulia lilikotoka. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala iliyohusu watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida likaiondoa, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Utafiti wa Denmark uliotoka 2019 ulifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Nimeona watu wakisikiliza kisa hiki hadi mwisho, hata wale wasiopenda takwimu.

Shangazi hajarudi kwenye kundi. Mjukuu wake alichanjwa, na wiki iliyofuata shangazi akanipigia simu: rafiki yake ana wasiwasi na chanjo ya surua, anaomba tumpeleke kwa yule muuguzi.