Tumbo au utumbo: kidonda kiko wapi?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Nachingwea, Lindi. Bango tunaloliandaa limeandikwa "vidonda vya utumbo", mwenzangu anasema ni "vidonda vya tumbo". Isitoshe, wazee wakiumwa husema "moyo unaniuma" huku wameshika chini ya kifua. Tuandike lipi, na tuwaelewe vipi?

JIBU: Andikeni "vidonda vya tumbo".

Neno tumbo lina maana mbili kwa wakati mmoja. Ni eneo zima la mwili kuanzia chini ya mbavu hadi kinenani, na ni ule mfuko unaopokea chakula, uliolala upande wa kushoto, juu. Utumbo ni kitu kingine: ni bomba refu linaloanzia pale mfuko unapoishia. Sikilizeni ile u- ya mwanzo. Ni u- ya uzi, utepe, ufito na ukamba, vitu virefu vyembamba. Utumbo mwembamba peke yake una urefu wa kama mita 6 kwa mtu mzima. Kinachotuchanganya ni bucha: ukiagiza utumbo wa ng'ombe unafungiwa yote pamoja, mfuko na bomba.

Fuateni tonge la ugali wa muhogo. Likitoka kinywani linapita koromeo, linaingia kwenye umio, bomba la misuli la takriban sentimita 25 linaloshuka nyuma ya bomba la hewa. Watu wengi husema "koo" kwa yote hayo, na katika mazungumzo haidhuru, lakini mgonjwa akisema chakula kinakwama kooni, mwulizeni aonyeshe kwa kidole: shingoni, au katikati ya kifua? Kifuani ni umio. (Msichanganye na kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho watoto bado wanakatwa bila sababu.) Umio unatoboa kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kisha tonge linatua mfukoni. Mlango wa hapo ukilegea, asidi inapanda na kuunguza umio. Hicho ndicho kiungulia, na jina lake linatoka kwenye kuungua.

Mfuko unabeba kama lita moja hadi moja na nusu. Mwishoni una mlango wa msuli uitwao pilori, neno la Kigiriki lenye maana ya bawabu, na kweli kazi yake ni ubawabu: anaruhusu uji uliosagika kidogo kidogo kuingia duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba.

Hapa aliyeandika "utumbo" kwenye bango ana hoja, maana vidonda vingi hutokea duodeni, na duodeni ni utumbo. Lakini msomaji wa bango akiona "utumbo" atashika chini ya kitovu, wakati maumivu haya huchoma juu yake. "Vidonda vya tumbo" inabeba mahali pote pawili, na ndiyo watu wanayoijua.

Sasa wazee. Wanachoshika ni chembe cha moyo, kile kibonde kilicho chini ya mfupa wa kifua. Ni Kiswahili safi kabisa, msiwasahihishe. Wengine hufupisha tu na kubaki na "moyo". Msiandike "maumivu ya moyo" kwenye daftari kabla ya kuuliza. Ila msipuuze pia: shambulio la moyo lenyewe huweza kuuma pale pale kwenye chembe. Maumivu yakisambaa hadi mkononi au tayani, na jasho jembamba linatoka, pumzi inakata, apelekwe hospitali bila kungoja.

Neno jingine la kuuliza mara mbili ni chango. Kwa mmoja ni utumbo, kwa mwingine minyoo, kwa mama ni maumivu ya hedhi.

Bango lisomeke hivi: "Vidonda vya tumbo. Je, unachomwa kwenye chembe cha moyo, ukiwa na njaa au baada ya kula? Fika zahanati upimwe. Usimeze diklofenaki wala aspirini kutuliza maumivu hayo, zinachimba kidonda zaidi. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo."